Radi ya Alhamisi Niliyomwambia Mtu Mmoja

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani na khanga doti mbili, kisha mmoja wenu akasimama akasema, "Mama, tuandikie chochote, usiondoke na vyote kichwani." Saa nimeitundika sebuleni hapa Manundu. Inakimbia mbele dakika nne kila siku, kwa hiyo nadhani mliinunua kwa haraka. Khanga nimeshazivaa. Lililobaki ni hilo la kuandika, na nimeamua kulimaliza kabla sijaanza kusahau majina ya mawingu.

Vyeo sitavitaja. Mnavijua, na vingine vilinifikia kwa sababu tu aliyekuwa mbele yangu alistaafu. Nitaeleza jinsi nilivyofundishwa kazi, halafu nitaeleza kosa moja nililolifanya nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu, ambalo nusura limfukuzishe mzee wa watu kijijini kwake.

Nilishuka Korogwe nikitokea milimani, binti wa Kisambaa niliyezoea ukungu na sweta. Joto la bondeni lilinivaa nikiwa bado stendi. Kwenye kituo cha hali ya hewa nilipokelewa na Mzee Mhina, Mzigua wa Handeni, mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama nilivyokuwa nikijipepea na barua yangu ya ajira, akasema, "Nyie watu wa baridi mmezoea kuliona jua kama mgeni. Hapa ni mwenyeji. Mzoee."

Siku hiyo ya kwanza alinikataza kugusa kitu chochote. Alinionyesha sanduku jeupe la mbao lenye mianya pembeni, lililosimama juu ya miguu minne, ndani yake mna vipimajoto. Alinionyesha kipimamvua, na ule mpira wa kioo unaokusanya mwanga wa jua na kuchoma mstari kwenye ukanda wa karatasi. Kisha akanipa kigoda, akaniambia nikae uwanjani nitazame juu mpaka jioni. Nikakaa. Jioni akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu kwamba nimeona mawingu.

"Mangapi? Ya namna gani? Yalitoka wapi, na yalipoondoka yalielekea wapi?"

Kesho yake nikarudishwa kwenye kigoda, na keshokutwa pia. Siku ya nne nilimweleza mawingu ya mchana kutwa, moja baada ya jingine, mpaka akaniomba nipumzike. Hapo ndipo akanipa penseli.

Jambo alilolichukia kuliko yote ni takwimu ya kubuni. Mwezi wangu wa tatu nilichelewa usomaji wa saa tatu asubuhi, nikaandika joto ambalo nilihisi ndilo lingekuwepo. Lilikuwa karibu kabisa na kweli. Aligundua kwa kutazama tu, akaniita, akafuta namba ile kwa raba taratibu, akaandika kwa mkono wake, "Haikusomwa." Akasema mahali patupu hapamdhuru mtu, bali namba ya uongo itakaa kwenye kabati hilo mpaka sote tumezikwa, na kuna atakayeiamini. Nililia chooni. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa bado nadhani kufutiwa namba ni aibu kubwa duniani.

Alikuwa na ucheshi wake mkavu pia. Tulikuwa na karai kubwa la kupimia maji yanayopotea kwa jua, na msimu mmoja wa kiangazi makao makuu waliandika wakitaka kujua kwa nini maji ya kituo chetu yanakauka kushinda hata sehemu za jangwa. Mzee Mhina alikwenda uwanjani, akakuta kwato za mbuzi kuzunguka karai lote. Akajibu barua ile kwa mstari mmoja: "Jua ni la kawaida. Uzio ndio mbovu." Tulitumiwa nguzo mpya mwezi uliofuata, jambo ambalo maombi rasmi ya miaka miwili yalishindwa kulileta.

Kuhusu radi alikuwa na somo moja alilolirudia mpaka tukalikariri. Wingu la radi, alisema, linataka vitu vitatu: unyevu wa kutosha chini, hewa ya juu iliyo baridi kuliko kawaida, na kitu cha kuisukuma hewa ya chini ipande, iwe ni milima, joto, au pepo mbili zinazogongana. Kimoja kikikosekana, utaona mawingu yanajikusanya mchana kutwa, yananenepa, halafu jioni yanatawanyika bila kutoa hata tone. Asubuhi za masika alikuwa akitoka nje mapema kutafuta vijiwingu vya usawa wa kati angani vilivyoota vichwa vichwa. Akiviona, alimtumia mkewe ujumbe asianike mahindi. Utabiri wake ulifika jioni ya siku ile ile, basi. Ukimuuliza ya keshokutwa, alisema hana habari nayo na wala haoni haya.

Ramani za siku tano mbele zilipoanza kutufikia kwenye kompyuta, Mzee Mhina alikuwa amestaafu, na mimi nilikuwa nimeshazunguka Handeni miaka kadhaa nikarudishwa Korogwe. Nyinyi mmezikuta zipo, kwa hiyo hamwezi kujua zilivyotushtua. Mashine kubwa za mbali hupiga hesabu ya hewa ya dunia nzima, kisha huirudia mara nyingi, kila mara zikibadilisha mwanzo kidogo, kwa kuwa hakuna anayeijua hewa ya leo kikamilifu. Ni kama kuwauliza watu kumi njia ya kwenda Mkata. Wote wakinyoosha kidole upande mmoja, unaondoka. Kila mmoja akionyesha kwake, unakaa kwanza unywe maji. Niliipenda kazi ile mno. Nilikuwa nabaki ofisini saa za chakula nikihesabu ni hesabu ngapi zinakubaliana, na nilianza kuona siku za radi zikija kutoka mbali, siku tatu, siku nne kabla.

Sikilizeni hapa, maana ndipo vijana wengi mnapoteleza. Siku nne kabla, hakuna mtu anayejua radi itapiga wapi. Tunachokijua ni kwamba siku fulani, katika eneo fulani, vile vitu vitatu vya Mzee Mhina vinaelekea kukutana. Ni uwezekano, na uwezekano una tabia mbaya ya kutokutokea. Ndiyo maana palikuwa na utaratibu kwamba tahadhari kwa wananchi hutolewa na makao makuu peke yao. Sisi wa vituoni tulipima, tukatuma, tukanyamaza. Utaratibu ule ulikuwa na maana yake na sikuwahi kuubeza.

Sasa nimlete Mzee Bakari. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Mazingara, Handeni mashariki, mahindi na ufuta, na mbuzi wachache. Uani kwake palikuwa na kipimamvua chetu, kopo la bati lililochimbiwa ardhini kiasi, na kila asubuhi saa tatu alikipima, akaandika kwenye kadi, na baadaye zilipokuja simu akawa ananipigia. Hakulipwa kitu. Tulimpa koti la mvua mara moja, na lilikuwa dogo. Miaka yote hiyo hakukosa hata asubuhi moja, ikiwemo ile aliyomzika mama yake. Ilikuwa namwamkia, ananitajia namba, ananiuliza watoto, tunaagana. Nilimheshimu kuliko baadhi ya watu waliokuwa wakilipwa mshahara kwa kazi ile ile.

Mwaka huo masika yalichelewa na joto likazidi. Jumapili moja nilikuwa zamu, nikafungua ramani, nikaona Alhamisi. Sikuwahi kuona hesabu zikikubaliana namna ile. Unyevu mzito unaingia kutoka baharini, hewa ya juu imepoa, na pepo mbili zinakutana juu ya Handeni mashariki, mchana, wakati ardhi imechemka. Taarifa ya makao makuu ilisema vipindi vya ngurumo katika baadhi ya maeneo ya mkoa. Haikuwa uongo. Ila ni maneno ambayo mtu husikia redioni huku akiendelea kukoroga uji.

Jumatatu saa tatu Mzee Bakari akapiga kama kawaida. Mvua sifuri. Nikamwambia, "Mzee Bakari, Alhamisi mchana sijaipenda. Naona radi, na naona nzito. Mbuzi usiwaache chini ya ule mkwaju, na nyumba yako ya udongo ile ingekuwa heri mngeihama kwa siku moja."

"Wakubwa wamesema?"

"Hapana. Ni macho yangu tu. Naomba usinitaje."

Akasema, "Mimi sina mdomo huo, mwanangu. Asante."

Alhamisi saa nane mchana nilisimama mlangoni pa ofisi nikaliona wingu likipanda upande wa kusini, limesimama wima, kichwa chake kimetandaa kama kofia. Ngurumo ilitufikia mpaka Korogwe. Nawaambieni ukweli: nilifurahi. Nilikuwa nimeliona siku nne kabla, nikiwa peke yangu na penseli, na lilikuja siku yake na saa yake. Nilijinunulia soda.

Ijumaa saa tatu simu haikulia. Nilisubiri mpaka saa nne, nikapiga, imezimwa. Kwenye kadi ya Mazingara nikaandika, "Haikusomwa," kwa mara ya kwanza tangu kituo kile kianzishwe. Jumamosi nikampata bwana shamba wa kata, naye akanieleza.

Radi ilipiga mkwaju uliokuwa mpakani mwa Mzee Bakari na jirani yake Rajabu. Mbuzi wa Rajabu kumi na mmoja walikuwa wamefungwa chini yake, wote wakafa. Mke wa Rajabu, Mwanaidi, alikuwa akikimbia kwenda kuwafungua. Radi ilimwangusha hatua chache kabla hajafika. Alibebwa kupelekwa hospitali, akazinduka, ila sikio moja halisikii. Upande wa pili wa mpaka, kwa Mzee Bakari, hapakuwa na mtu wala mnyama. Jumatano alikuwa amewahamisha mbuzi, mke na wajukuu, wote kwa dada yake mwenye nyumba ya matofali, na kijiji kizima kilimwona akipita na godoro kichwani chini ya jua kali.

Mnajua watu wetu wanavyoizungumzia radi. Kwa wengi, radi hutumwa, na aliyetumiwa huanza kumtafuta aliyetuma. Wawili hawa walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba tangu zamani. Mmoja ameteketea, mwenzake amehama siku moja kabla. Tena uani kwa aliyehama mna kopo la bati alilolichungulia kila asubuhi kwa miaka, akiongea na simu. Walimuuliza nani alimwambia ahame. Akajibu, "Niliamua tu." Walimuuliza mara tatu, akajibu hivyo hivyo mara tatu. Mkutano wa kijiji uliitishwa Jumanne, na bwana shamba alisema wengi wanataka ahame kabisa, na kwamba vijana wawili watatu wanasema maneno mabaya zaidi ya hayo.

Mngetegemea niseme kwamba nilipanda basi saa ile ile. Sikupanda. Nilikaa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu nzima nikijitengenezea hoja. Kwamba mambo yatapoa. Kwamba mwenyekiti ni mtu wa busara. Kwamba nikijitokeza nitaonekana nimevunja utaratibu, nami nina watoto wawili shuleni. Hoja zote zilikuwa nzuri, na katikati ya kila moja nilikuwa namwona yule mzee akiulizwa mara ya tatu. Najionea aibu kwa siku tatu zile mpaka leo. Jumanne alfajiri nilimwambia mkuu wangu kwamba naenda Mazingara kukagua kipimamvua, jambo lililokuwa kweli nusu, nikapanda basi mpaka Mkata, kisha bodaboda.

Mkutano ulifanyika shuleni, ndani ya darasa la nne, kwa kuwa kulikuwa na manyunyu. Watu wazima walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mzee Bakari alikaa dawati la mbele peke yake, kofia mapajani. Aliponiona akatikisa kichwa kidogo sana kunikataza. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa ya kusema, nikajitambulisha, nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia ahame. Nilimwambia Jumatatu aliponipigia. Na mimi ndiye niliyemwomba asinitaje."

Minong'ono ikapita darasa zima. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, kwa adabu kabisa, "Binti yangu, Jumatatu unaijuaje radi ya Alhamisi? Hiyo si kazi ya binadamu."

Nikachukua chaki. Nilichora bahari, nikachora unyevu unakuja, hewa baridi juu, pepo mbili zinakutana. Niliwapa ule mfano wa watu kumi na njia ya Mkata. Nadhani nusu yao walinifuata. Rajabu hakunifuata. Alisimama, macho mekundu ya kukosa usingizi, akasema, "Mimi haya ya ubaoni siyajui. Ninachoona, mwanzo alikuwepo mmoja anayejua, sasa mmekuwa wawili."

Ndipo Mwanaidi akaongea. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, kichwa kimefungwa kitambaa, na alikuwa amegeuza shingo ili sikio zima lielekee kwangu.

"Dada, namba ya Bakari ulikuwa nayo."

"Ndiyo."

"Yetu hukuwa nayo. Sawa. Lakini Bakari ana miguu, na kwangu ni hatua thelathini. Ulimkataza asiseme?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema ni utaratibu wa kazi. Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo njia nzima kutoka Korogwe, na lilikuwa jibu halali. Lakini alikuwa ananitazama mdomo ili asipitwe na neno, na nikashindwa. Nikasema, "Niliogopa isije. Nilifikiri nikiwaambia nyote halafu isije, mtanicheka. Nikaona bora nimwambie mmoja, akinicheka awe mmoja."

Mwanaidi akafikiri.

"Ningekucheka, dada," akasema. "Ningekucheka sana, na jioni ningemsimulia mume wangu tukacheka wote. Lakini mbuzi ningewafunga kwingine."

Nimeandika ripoti nyingi katika maisha yangu na nimesomewa tathmini za kazi kila mwaka. Hakuna iliyonichoma namna ile. Nilirudisha chaki mahali pake.

Mwanaidi akamgeukia mumewe. "Huyu mzee hajatutumia kitu. Kaambiwa afiche, kaficha. Mwenye kosa huyu hapa, kaja mwenyewe kwa nauli yake." Rajabu akatoka nje bila kumtazama mtu. Mwenyekiti akasema kama ndivyo, basi hakuna wa kuhamishwa, na watu wakaanza kujinasua kwenye madawati.

Msidhani wote walishawishika. Wako waliobaki na lao, na wengine wanalo hadi leo. Nilimsindikiza Mzee Bakari kwake, nikamuuliza kwa nini hakunitaja wakati maisha yake yote yalikuwa yanaondoka. Akasema, "Ungefukuzwa kazi. Halafu kila asubuhi ningempigia nani?" Kisha akaniomba kitu, na aliomba huku akitazama pembeni. Aliomba nilichukue kopo. Wajukuu wake walikuwa wameanza kuitwa watoto wa kopo shuleni, na mkewe hataki kuliona. Nililia pale uani mbele yake, na yeye akanibembeleza, jambo lililozidi kuniumiza.

Juma lililofuata nikarudi na sururu kuling'oa. Nilikuwa nimeshaandika barua makao makuu kueleza kila kitu, na nilikuwa nimeshapata karipio la maandishi, ambalo nililistahili na limo kwenye faili langu, mnaweza kulisoma. Nilipokuwa nafukua, Mwanaidi akavuka mpaka, akasimama upande wangu wa kulia.

"Hilo linakaa mahali gani?"

"Penye uwazi. Pasiwe na mti karibu wa kukinga mvua."

Akageuka akatazama mahali ulipokuwa mkwaju. Ulikuwa umeshakatwa, kimebaki kisiki cheusi. "Kwangu sasa pana uwazi," akasema. "Liweke. Nataka na mimi nijue mnachokijua."

Nilimuuliza mumewe atasemaje. Akasema hilo ni la kwake, siyo la kwangu. Nikalichimbia upya hatua zipatazo arobaini kutoka lilipokuwa, nikamfundisha kusoma, na kwenye kitabu cha kituo nikaandika mabadiliko ya mahali na ya msomaji. Mzee Bakari alisimama ng'ambo akimrekebisha namna ya kushika chupa ya kipimio. Rajabu alibaki ndani. Mwezi wa pili tangu hapo nilipokwenda kukagua, nilimkuta amelizungushia kopo lile miiba ili kuku wasilisogelee.

Barua yangu ile ilikuwa na ukurasa wa pili, wenye maombi. Ilichukua muda na safari kadhaa, lakini mwishowe tulikubaliwa kwamba kituo kikiona hatari siku kadhaa mbele, kiwapigie makao makuu, na wakiridhika, ujumbe upelekwe vijijini siku hiyo hiyo kwa watu wote kwa pamoja: mwenyekiti, walimu, kipaza sauti cha msikiti, kanisa, na wafugaji wa Kimaasai kupitia viongozi wao. Mimi niliomba maneno yawe ya kawaida. Semeni siku gani. Semeni kwamba inaweza kuja na inaweza isije, na mnaona upande upi ni mzito zaidi. Semeni mtu afanye nini na mbuzi wake. Na msimpe mtu mmoja siri ya mbinguni mkidhani mnamfanyia hisani, maana mnamwacha peke yake nayo.

Mara ya kwanza tuliyoutumia utaratibu huo ilikuwa mwanzo wa vuli. Hesabu zilikubaliana vizuri, si kama ile Alhamisi, lakini vizuri. Makao makuu wakaridhika. Siku tatu kabla tukatangaza Jumamosi mchana, Handeni mashariki, uwezekano mkubwa wa radi na upepo mkali. Mazingara yote ikatangaziwa. Wanyama wakaondolewa mitini. Mwenyekiti alikuwa anamwoza binti yake siku hiyo, na maturubai yalikuwa yameshafungwa uwanjani. Akayafungua, akaihamishia harusi nzima shuleni.

Jumamosi ilikucha nyeupe. Saa sita palikuwa na mawingu machache, nikajipa moyo. Saa nane yalinenepa. Saa tisa yakaanza kulika pembeni, na saa kumi mbingu yote ya kusini ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nilikaa ofisini na simu mezani. Nilikuwa nimeogopa jambo hili maisha yangu yote ya kazi, na sasa limekuja, na vijiji kadhaa vinalitazama.

Saa kumi na moja simu ikalia. Mwanaidi hupaza sauti akiwa kwenye simu, na nyuma yake nilisikia ngoma.

"Dada, haikuja."

"Haikuja, Mwanaidi. Nisameheni."

"Watu wanakucheka huku."

"Najua."

"Wanakucheka sana. Bibi harusi anatokwa jasho kama kapigwa na hiyo mvua yako. Tumejazana darasani, madirisha hayatoshi. Mwenyekiti anasema mwakani atamwoza mwingine, na hatakuuliza."

Nikasema poleni. Nikasikia anasogea mbali na ngoma, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayetaja namba za asubuhi, "Mbuzi wote wazima. Watu wote wazima. Haya, tuambie ya kesho."